Jiko la shule, mzabuni, kantini au chakula cha nyumbani: ulinganisho wa usalama wa mlo wa mwanafunzi

Kila Januari, shule za msingi za kutwa zinapofungua muhula, kikao cha wazazi hufika kwenye ajenda ya chakula na mazungumzo yote hugeukia michango: kila kaya ilete madebe mangapi ya mahindi, kilo ngapi za maharage, na fedha kiasi gani za mpishi, chumvi na nishati. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo kama mzazi, na baadaye kama mjumbe wa kamati ya shule, na sikumbuki hata mara moja ambapo swali la kwanza lilikuwa hili: chakula kitakaa muda gani tangu kitoke motoni hadi kimfikie mtoto, na katika muda huo kitakuwa mikononi mwa nani? Swali hilo ndilo ninalolitanguliza katika ulinganisho huu, kwa sababu bei na lishe vinaweza kurekebishwa muhula unaofuata, ilhali mlo mmoja uliochafuka huwalaza watoto mia moja kwa siku moja.

Shule nyingi za Tanzania zina njia nne za kuchagua. Ya kwanza ni shule kupika yenyewe. Ya pili ni kumpa kazi mzabuni anayepika kwake na kuleta chakula kikiwa tayari. Ya tatu ni kuwaachia watoto wanunue kwenye kantini au kwa wachuuzi wa getini. Ya nne ni mtoto kubeba chakula kutoka nyumbani. Ipo ya tano, jiko kuu linalolisha shule nyingi kwa pamoja, ambayo majirani zetu wa Nairobi wanaitumia na ambayo baadhi ya halmashauri zetu zitalazimika kuifikiria miji inavyozidi kupanuka.

Kipimo ninachokitumia

Shirika la Afya Duniani limefupisha usalama wa chakula katika kanuni tano: kudumisha usafi, kutenganisha chakula kibichi na kilichopikwa, kupika hadi kiive kabisa, kukitunza katika joto lililo salama, na kutumia maji na malighafi salama. Kanuni zote zina uzito shuleni, lakini ya nne ndiyo inayotenganisha njia moja na nyingine waziwazi zaidi. Chakula kinapofikia nyuzi joto 70 hadi katikati yake, bakteria wengi wa hatari hufa. Kikishuka chini ya nyuzi 60, wale waliosalia na wale walioingia upya kwa mikono, nzi au vyombo huanza kuzaana, na hawatulii mpaka kipoe chini ya nyuzi 5, joto ambalo bila jokofu halipatikani Dar es Salaam wala Kigoma. Ndiyo maana kanuni hizo zinataka chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida la hewa kwa zaidi ya saa mbili.

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba kukichemsha tena chakula kilichokaa hufuta kosa lililotangulia. Imani hiyo ina ukweli nusu tu, na nusu inayobaki ndiyo inayowaumiza watoto. Bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, anayeishi puani na kwenye majipu na vidonda vya mikono, huacha ndani ya chakula sumu ambayo moto wa jikoni hauiharibu hata kama bakteria mwenyewe amekufa. Bacillus cereus hukaa kwenye mchele akiwa katika hali ya mbegu ngumu zinazostahimili kuchemshwa. Wali ukiachwa uvuguvugu kwa saa kadhaa, mbegu hizo huamka, huzaana na kutoa sumu ya kutapisha ambayo nayo haiondoki kwa kupasha. Yupo pia Clostridium perfringens, ambaye hupenda sana masufuria makubwa ya nyama na maharage yanayopoa polepole, kwa kuwa katikati ya sufuria hilo hakuna hewa na joto hubaki kwenye nyuzi arobaini na kitu kwa muda mrefu. Katika joto hilo huongezeka maradufu ndani ya dakika kumi hivi.

Kwa hiyo kila njia nitaipima kwa mambo mawili: urefu wa muda kati ya moto na sahani, na uwazi wa kumjua anayewajibika.

Jiko la shule

Kwa kipimo cha muda, hakuna njia inayolishinda jiko la shule. Makande yaliyochemka tangu asubuhi na kupakuliwa saa sita na nusu yakiwa bado yanatoa mvuke ni chakula salama kuliko wali na kuku wa gharama kubwa uliosafirishwa kwa saa tatu. Ninasema hivyo nikijua kwamba wazazi wengi huona makande kuwa ni chakula cha shida. Kwa upande wa usalama, chakula kinachochemshwa kwa muda mrefu, kisicho na nyama, maziwa wala mboga mbichi, na kinacholiwa chote siku hiyo hiyo, ni rafiki mkubwa wa shule isiyo na jokofu. Uji wa asubuhi una sifa hiyo hiyo, mradi upikwe na kunywewa ukiwa wa moto, na si upikwe saa 12 ukasubiri kwenye ndoo za plastiki hadi saa 4.

Hatari za jiko la shule ziko mahali pengine, na ya kwanza ni maji na mikono. Mpishi anaweza kuivisha chakula vizuri kabisa kisha akakichafua wakati wa kupakua, au watoto wakakichafua wenyewe kwa kula kwa mikono ambayo haijanawa. Shule ya wanafunzi 600 yenye bomba moja lililo mbali na jiko haitafanikiwa kuwanawisha watoto wote kwa sabuni ndani ya dakika za mapumziko, hata mwalimu wa zamu akipiga filimbi namna gani. Vibuyu chirizi ishirini, yaani vyombo vya kunawia vinavyochiriza maji kidogo kidogo, vilivyopangwa kando ya njia ya kwenda kwenye chakula, kila kimoja na kipande chake cha sabuni, hufanya kazi kubwa kuliko bango lililochorwa ukutani. Vivyo hivyo kwa sahani: mahali ambapo watoto hubeba sahani zao na kuzisuuza wote kwenye beseni moja la maji, mtoto wa kwanza husuuza kwa maji safi na wa hamsini husuuza kwa mchuzi wa wenzake. Afadhali sahani zibaki shuleni, zioshwe kwa sabuni, zisuuzwe kwa maji yanayobadilishwa, kisha zikaukie juani kwenye kichanja badala ya kufutwa kwa kitambaa kimoja kinachozunguka siku nzima.

Mpishi mwenyewe anastahili maneno zaidi. Utaratibu unataka wanaoshughulika na chakula wapimwe afya kila baada ya miezi sita, na bwana afya wa kata akifika huomba kuona vyeti. Vipimo hivyo ni vya lazima, lakini havimzuii mpishi kuharisha mwezi wa pili baada ya kupimwa. Kinachomzuia asipike siku hiyo ni uhakika kwamba hatapoteza posho yake. Mpishi anayelipwa kwa siku na mwenye watoto wa kulisha hatasema kwamba tumbo linamsumbua, wala hataonyesha jipu la kidole. Atafunga kitambaa na kuendelea. Kamati inayotaka jiko salama na iandike kwenye makubaliano kwamba mpishi mgonjwa hupumzika na posho yake, na kwamba yupo mpishi wa akiba aliyepimwa pia. Katika shule niliyokuwa mjumbe wake, kipengele hiki kilipingwa kwa hoja ya gharama mpaka mpishi mmoja alipokiri kwamba wiki nzima iliyotangulia alikuwa amepika akiwa anaumwa.

Hatari ya pili iko stoo, na hapa muda kati ya moto na sahani hausaidii chochote, kwa kuwa moto hauiondoi. Ninazungumzia sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye mahindi na karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa na unyevu. Mwaka 2004, katika mikoa ya mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 wakafariki. Mwaka 2016 ilizuka katika mikoa ya Dodoma na Manyara hapa kwetu, ambako watu 68 waliugua na 20 kati yao wakapoteza maisha. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu sumukuvu isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo moja ya mahindi, na kati ya hizo zile za aina ya B1 zisizidi 5, huku unyevu wa mahindi ukitakiwa usipite asilimia 13.5.

Sasa tazama namna shule nyingi zinavyokusanya chakula. Kila kaya huleta debe lake, yote humiminwa kwenye lundo moja au magunia ya pamoja, na baadaye husagwa kwa mkupuo. Debe moja lililoota ukungu huchanganyika na thelathini yaliyo mazuri, na tangu hapo hakuna anayeweza kulitenga. Mfumo wa michango ya mahindi una sifa ya kuwashirikisha wote, lakini kwa usalama ndio udhaifu mkubwa kuliko wote wa jiko la shule. Tiba yake ni kukagua mlangoni kabla ya kumimina: kulitandaza debe kwenye turubai, kuondoa punje zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na zilizovunjika, na kupima unyevu hata kwa njia ya chupa na chumvi. Mahindi huwekwa kwenye chupa kavu yenye mfuniko pamoja na chumvi kavu, hutikiswa na kuachwa kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi hayo yarudi juani. Anayeleta debe bovu na asione haya kurudishwa nalo, na kamati isione haya kumrudisha. Magunia nayo yakae juu ya chaga, mbali na ukuta, chini ya paa lisilovuja.

Katika stoo hiyo hiyo ndimo inamotakiwa sheria isiyo na msamaha: dawa za mashambani, za panya na za kuhifadhia nafaka hazikai humo, na chombo kilichowahi kubeba dawa hakibebi chakula kamwe. Tarehe 16 Julai 2013, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Saran, jimbo la Bihar nchini India, watoto 23 walikufa baada ya kula chakula cha mchana cha shule. Mafuta ya kupikia yalikuwa na monocrotophos, dawa kali ya kuulia wadudu. Mpishi alikuwa ameona kwamba mafuta yana kasoro na akasema, lakini hakusikilizwa, na mwalimu mkuu alihukumiwa na mahakama miaka mitatu baadaye. Jiko la shule lina faida ya mpishi anayeiona, anayeinusa na kuionja malighafi kila siku. Faida hiyo hupotea pale ambapo mpishi hana mamlaka ya kusema kwamba leo hatupiki hiki.

Jambo la mwisho kuhusu njia hii ni nishati. Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo tarehe 31 Januari 2024, na shule zimekuwa zikihamia kwenye gesi na majiko banifu. Ni hatua njema kwa mapafu ya wapishi. Tahadhari yangu ni moja: gesi ikikaribia kuisha, kishawishi cha kuzima moto mapema ni kikubwa, na maharage mekundu yasiyoiva yana sumu yake ya asili inayotapisha hata kwa punje chache. Yalowekwe usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu kwa angalau nusu saa kabla ya kupunguziwa moto. Maharage yaliyopashwa polepole bila kuchemka ni mabaya kuliko yale mabichi.

Mzabuni anayeleta chakula

Njia hii hupendwa na shule binafsi za mjini na vituo vya watoto wadogo ambavyo havina nafasi ya kujenga jiko. Uzuri wake ni wa kweli. Kuna mkataba wenye jina na sahihi, kuna eneo la kupikia ambalo bwana afya anaweza kulikagua bila kuingilia masomo, na mzabuni mzuri huwa na jokofu, meza za chuma na wapishi waliosomea, vitu ambavyo shule ya kawaida haina. Kwa kipimo cha uwajibikaji, mzabuni mwenye mkataba mzuri anaweza kulizidi jiko la shule ambalo kila mtu analisimamia, na kwa hiyo hakuna anayelisimamia.

Kwa kipimo cha muda, hata hivyo, hesabu hugeuka. Mzabuni anayelisha shule tatu huanza kupika saa 10 alfajiri, hupakia saa 3 asubuhi, hukaa kwenye foleni, hushusha shule ya kwanza, ya pili, ya tatu, na watoto wa mwisho hula saa 7 mchana chakula kilichotoka motoni saa 2. Saa tano hizo zinavumilika tu ikiwa chakula kimebaki juu ya nyuzi 60 muda wote, jambo ambalo deli la plastiki lililofunikwa kwa blanketi haliwezi kulihakikisha. Hotipoti kubwa za kibiashara zinaweza, iwapo zitajazwa chakula kinachochemka, na zisifunguliwe njiani.

Mwanangu mmoja alisoma mahali palipotumia mzabuni. Siku moja waliletewa wali na nyama, na kabla ya kengele ya kwenda nyumbani watoto wa madarasa mawili walikuwa wanatapika. Muda huo mfupi kati ya kula na kutapika ndio uliomfanya daktari aliyewapokea ashuku sumu iliyokuwa tayari imo kwenye chakula, maana sumu ya Staphylococcus na ile ya kutapisha ya Bacillus cereus huanza kusumbua kati ya saa moja na sita, wakati bakteria wa Salmonella kwa kawaida huhitaji kati ya saa sita na siku tatu. Mwalimu mkuu hakuwa na la kumwonyesha daktari: chakula kilichobaki kilishamwagwa, masufuria yalishaondoka na gari, na mkataba haukusema chochote kuhusu saa wala joto. Watoto walipona wote, namshukuru Mungu, lakini chanzo hakikujulikana hadi leo.

Anayechagua mzabuni, basi, anachagua mkataba kuliko anavyomchagua mpishi. Iandikwe humo kwamba kila chombo kitafika kikiwa kimeandikwa saa ambayo chakula kilitoka motoni. Kwamba mwalimu atapima joto kwa kipimajoto cha chakula mbele ya dereva na kukataa chochote kilicho chini ya nyuzi 60, bila malipo. Kwamba mzabuni hatampa kazi hiyo mtu mwingine. Kwamba mabaki hayarudi jikoni kwake. Mzabuni anayekataa kipengele cha joto ameshakujibu.

Jiko kuu

Jijini Nairobi, serikali ya kaunti pamoja na shirika la Food4Education, lililoanzishwa na Wawira Njiru mwaka 2012, walianza mpango wa Dishi na County mwaka 2023. Chakula hupikwa kwenye majiko makubwa, husambazwa shuleni kwa magari, mzazi huchangia shilingi 5 za Kenya kwa mlo, na mwanafunzi hupokea kwa kugusisha bangili yake ya kielektroniki. Kwa usafi, majiko ya namna hiyo yanaweza kufikia kiwango ambacho shule moja moja haitakifikia: malighafi hupimwa kwa wingi, maji ni ya uhakika, wapishi husimamiwa na watu waliosomea usalama wa chakula.

Udhaifu wake ni ukubwa wake. Mwaka 1996 katika mji wa Sakai nchini Japani, bakteria aina ya E. coli O157 waliingia kwenye chakula cha shule kilichotokana na ununuzi wa pamoja, na maelfu ya wanafunzi wa shule za msingi wakaugua kwa wakati mmoja, baadhi wakafariki. Japani haikuacha chakula cha shule, iliimarisha ulinzi. Shule na majiko yao hutakiwa kuhifadhi gramu 50 za kila kiambato na kila chakula kilichopikwa, katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa wiki mbili au zaidi, na mkuu wa shule au msaidizi wake huonja mlo nusu saa kabla ya watoto kuanza kula. Nitairudia desturi hiyo.

Kantini na wachuuzi wa getini

Hii ndiyo njia inayochaguliwa bila kuchaguliwa. Shule isiyoamua lolote imeamua getini. Uwajibikaji hapo haupo kabisa kwa mchuuzi anayehama, na upo kidogo kwa aliyekodishiwa kibanda ndani ya uzio.

Hata hivyo nisingependa wachuuzi wahukumiwe kwa jumla, kwa kuwa vyakula vyao vinatofautiana mno. Mhogo unaotoka kwenye mafuta yanayochemka na kupewa mtoto papo hapo ni miongoni mwa vitu salama kabisa vinavyouzwa getini, na hali ni hiyo kwa mahindi ya kuchoma na bagia za moto. Kinachoharibu ni kile kinachoongezwa juu: kachumbari iliyokatwa alfajiri na kukaa juani, pilipili ya maji ambayo haikuchemshwa, kijiko kimoja kinachozama kwenye ndoo ya maji yale yale kutwa nzima. Barafu za kwenye vifuko na juisi za ukwaju zinazotengenezwa kwa maji ya bomba yasiyochemshwa ni hatari kuliko vyote, maana hakuna hatua yoyote ya moto kati ya maji hayo na tumbo la mtoto, na kugandisha hakuui bakteria wa kuhara bali huwalaza tu. Miezi ya mlipuko wa kipindupindu, vitu hivyo viwili visiuzwe karibu na shule hata kwa siku moja.

Kwa vyakula vya kiwandani, kantini na iuze vile tu vyenye alama ya Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula nchini, na vyenye tarehe ya mwisho inayosomeka. Na visikae rafu moja na dawa za panya au za mende. Oktoba 2024, watoto sita wa Naledi, Soweto, walikufa, na uchunguzi ukaonyesha kuwa waliuawa na terbufos, dawa kali ya mashambani ambayo mitaani ilikuwa ikitumika kama sumu ya panya. Mwezi uliofuata serikali ya Afrika Kusini ikaagiza maduka madogo ya mitaani yote yasajiliwe. Nani anayekagua kibanda cha kantini yetu wakati wa likizo, kinapofungwa na panya wakapata nafasi? Swali hilo liingie kwenye mkataba wa kukodisha.

Chakula kutoka nyumbani

Kwa uwajibikaji, hakuna mlinzi kama mama au baba aliyepika. Kwa muda, hali ni mbaya kuliko wazazi wanavyodhani, kwa kuwa chakula hufungwa saa 11 alfajiri na kuliwa saa 6 au 7 mchana, kikiwa ndani ya begi lililokaa juani. Wali wa nazi, ambao kila mwenyeji wa Pwani anajua unavyowahi kuchacha, haufai. Maziwa, mchuzi wa samaki na kiporo cha nyama pia havifai. Vinavyofaa ni vikavu: chapati, viazi vitamu na mihogo ya kuchemsha, mayai yaliyochemshwa hadi yakaiva na yakabaki na maganda yake, ndizi, machungwa ambayo mtoto humenya mwenyewe. Na maji yaliyochemshwa, kwenye chupa inayooshwa kila siku hadi shingoni.

Njia hii hufanya kazi darasani ambako kila mtoto ana uwezo wa kubeba. Mahali ambapo theluthi ya watoto huja mikono mitupu, hugeuka kuwa njia ya kantini kwa wengine na njaa kwa waliobaki.

Shule ipi ichague nini

Kwa shule ya kutwa ya umma iliyo na bomba au kisima ndani ya uwanja, nachagua jiko la shule bila kusita, kwa vyakula viwili au vitatu vya kuchemsha, na ukaguzi wa nafaka mlangoni. Sitaki nyama wala saladi ziongezwe ili kuwafurahisha wageni wa siku ya mahafali. Siku za sherehe ndizo siku ambazo mpishi hupika asichokizoea, kwa wingi asiouzoea, na kukiacha kisubiri hotuba ziishe.

Shule isiyo na maji ya kutosha ianze na uji peke yake. Uji hauhitaji vyombo vingi, huchemka wote, na kikombe ni rahisi kukisafisha kuliko sahani. Kujenga jiko la kisasa kabla ya tangi la maji ni kuweka mlango kabla ya ukuta, na nimeona fedha za wazazi zikizama namna hiyo.

Shule ndogo ya mjini, iliyobanwa na majirani pande zote, inaweza kumchagua mzabuni, mradi jiko lake liwe mwendo usiozidi nusu saa na shule hiyo iwe ya kwanza au ya pili kwenye mzunguko wa gari. Akiwa mbali zaidi ya hapo, kamati ifikirie upya hata kama bei yake ndiyo ya chini. Shule za bweni sina haja ya kuzishauri zichague, kwa sababu hazina njia nyingine zaidi ya jiko lao. Ila zikumbuke kwamba mwezi Aprili 2023 shule moja ya wasichana katika Kaunti ya Kakamega, Kenya, ilifungwa baada ya wanafunzi wengi kuugua na baadhi yao kufariki, na kwamba bweni linalopika milo mitatu kwa siku lina nafasi tatu za kukosea.

Kwa njia yoyote itakayochaguliwa, ile desturi ya Japani inaweza kuletwa kwetu kwa gharama ya kopo lenye mfuniko na daftari la kurasa 96. Kabla ya kupakua, mpishi ajaze kopo safi lililochemshwa, aliandike tarehe, na lihifadhiwe kwenye jokofu lililo karibu, hata kama ni la zahanati au la nyumba ya mwalimu, kwa saa 72. Mwalimu wa zamu aonje nusu saa kabla ya kengele. Kisha aandike kwenye daftari saa aliyoonja, chakula chenyewe, jina la aliyekipika na jina lake mwenyewe, ili siku watoto watakapoanza kushika matumbo, daktari akiuliza walikula nini na kilipikwa saa ngapi, awepo mtu wa kumjibu.